Najat na Kesi Iliyokataa Kuhama

Najat alitoka Unguja na kipaji kimoja ambacho shuleni hakikumpa alama: kutunga majina ya kanga. Kwao Kikwajuni mwanamke akichokozwa alikwenda kwa Najat, akaeleza ugomvi wake, akaondoka na maneno manne matano yanayochoma kuliko pasi. Lakini Guangzhou, China, alikuja kununua viatu vya watoto, na viatu vya watoto havitaki maneno.

Aliyemfungulia njia ni Swalha, mwenyeji wa Ilala, mtu ambaye Kichina kinamtoka kama maji ya bomba. Walikutana kwenye basi la Shiling, huko kwenye viwanda vya mikoba. Najat alikuwa amejitanda kanga kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi. Swalha aliyasoma maneno ya mgongoni, akacheka mpaka dereva akageuka.

"Mwenzangu, haya ungeyatia ndani ya mkoba," akasema. "Ndani, si nje. Mtu anafungua zipu mbele ya mbaya wake, anajifanya anatafuta leso, kumbe anamsomesha."

Ndiyo ikawa biashara yao. Maneno ya Najat yakapigwa chapa kwenye bitana, mikoba ikaenda Dar na Zanzibar, na wanawake wakawa wanatafuta leso hata hawana mafua. Siku ya kupakia mzigo wa kwanza kwenye bandari ya Nansha, waliandikiana mkataba palepale ghalani. Najat analeta maneno, Swalha anashughulikia kiwanda, na hakuna atakayeupeleka mkoba ule kwa fundi mwingine bila mwenzake kujua. Wakikosana, walikubaliana, kesi itasikilizwa mahakama ya Nansha, mahali mzigo unapokabidhiwa. Waliliweka neno hilo huku wakicheka. Nani atakosana?

Pale kiwandani palikuwa na kigoda chekundu cha plastiki, karibu na cherehani ya mwisho. Hapo ndipo Najat alipokaa kutunga, na Swalha akibishana bei na laoban, bosi wa kiwanda. Akipata usemi mzuri aliutamka kwa sauti ndogo, na Swalha alicheka bila kugeuza kichwa. Uzi ukimnasa Najat begani, Swalha aliutoa akipita, kama mtu anayefukuza nzi. Mambo madogo tu. Ila Najat aliyaweka.

Kisha mama yake Najat akaugua, naye akaenda Unguja kumuuguza. Aliporudi, alikwenda Shiling moja kwa moja na mfuko wa halua. Akamkuta mtu amekaa kwenye kigoda.

"Huyu Mildred, wa Nairobi," Swalha akasema. "Ananisaidia soko la kwao."

"Karibu sana," Mildred akasema, akiwa amekaa vilevile. Karibu! Mgeni anamkaribisha mwenyeji.

Najat alitabasamu, akagawa halua, kipande kikubwa akampa Mildred ili asionekane ana neno. Halafu akamwona Swalha akipita nyuma ya kile kigoda, akanyoosha mkono, akatoa uzi begani mwa Mildred. Hakuangalia hata. Mkono ulijua njia.

Najat akaufunga mfuko wa halua. Wiki haikwisha akauchukua mkoba wao akaupeleka kiwanda cha ng'ambo ya barabara, akaagiza mingi, na ndani yake akapigisha: KIPYA KINYEMI, SUBIRI KICHAKAE. Ajabu ni kuwa hakuwa na mnunuzi. Alikuwa na msomaji mmoja tu.

Msomaji alisoma. Shiling ni mji wa watu wengi lakini habari zake ni za mtaa mmoja. Swalha hakupiga simu wala hakuja kugomba. Alikwenda mahakama ya Huadu, wilaya ya hukohuko Shiling, karibu na kiwanda, akamshitaki Najat kwa kuvunja mkataba, na akataka mkoba ule ubaki kuwa wake yeye na maneno yake yote.

Yake yote! Maneno ya Najat!

Najat akatafuta wakili mjini, mzee mmoja mpole aitwaye Mo. Mkalimani wake alikuwa Jeremiah, kijana wa Kisumu aliyesoma hapahapa. Wakili akausoma mkataba, akaitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Anasema uko sawa," Jeremiah akafasiri. "Mmeandika Nansha, na kesi imefunguliwa Huadu. Tutaweka pingamizi, ihamishwe. Lakini skiza, madam. Mlango wa kuhamisha uko mwanzoni tu. Ukianza kujibu yale umeshtakiwa, ni kama umekubali usikizwe hapo. Kwa hivyo usijibu kitu. Tunangoja karatasi za makabidhiano kutoka bandarini, tunaweka pingamizi, ndio uongee."

"Mimi mtu wa kunyamaza," Najat akasema.

Jeremiah akakohoa. Hilo hakulifasiri.

Kwa wakili Najat alitaka kuhama kwa sababu ya kifungu cha mkataba. Kwa nafsi yake sababu ilikuwa nyingine. Huko Shiling, kuanzia muuza maandazi ya mvuke mpaka fundi zipu, wote humwita Swalha laobanniang, mama bosi. Ataingia mahakamani akisalimiwa njia nzima, na Mildred ubavuni kama pete na kidole. Nansha kuna winchi na makontena. Winchi haimjui mtu. Huko watakuwa wawili, sawa kwa sawa, kama siku ile ya ghalani.

Kunyamaza kungewezekana kama asingekwenda Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kula pilau. Alimkuta Zainabu, mwanamke anayesafirisha vitenge, akamwambia kwa siri tu kwamba kesi anaihamisha. Siri ya Xiaobei haimalizi sahani. Kesho yake mchana, kwenye kundi la simu la akina mama wafanyabiashara, ikaingia picha kutoka kwa Swalha: mkoba mpya, umefunguliwa zipu, bitana nyekundu, na maneno yake yanasomeka hata kwa mwenye mtoto wa jicho.

ANAYEHAMISHA KIKAO ANA LAKE MOYONI.

Kundi likalipuka kwa vicheko. Mildred akaandika, "Wueh! Hiyo imeingia box!" Zainabu naye, aliyekula pilau ya Najat, akaweka makofi.

Najat akaisoma mara ya kwanza, ikamchoma. Akaisoma mara ya pili, ikamchoma mahali pengine: usemi ulikuwa mzuri. Mizani imekaa, mwisho umefunga. Nani kamtungia? Swalha hajawahi kutunga. Ina maana sasa kuna mwingine anayekaa kwenye kigoda na kutamka kwa sauti ndogo, na Swalha anacheka bila kugeuza kichwa?

Kwao, mpasho haulazwi. Ukinyamaza siku moja, watu wanasema umekupata. Siku mbili, wanasema ni kweli. Kujibu kwenye kundi aliona ni kidogo, Mildred angecheka tena. Alitaka ajibu mahali ambapo Swalha atalazimika kusikiliza mpaka mwisho, asiweze kuzima simu. Na mahali hapo mahakama yenyewe ilikuwa imempa: ukurasa kwenye simu, wa mdaiwa kuandikia majibu yake.

Akaandika. Aliandika usemi mmoja mmoja, aliutunga lini, kwa ugomvi gani. Akaandika kwamba kiwanda cha pili alikwenda, ndiyo, na angekwenda tena. Akaandika habari ya kigoda. Akaipitisha kwenye simu ikawa Kichina, akabonyeza, ikaenda. Akajihisi mwepesi kama aliyetoka kuoga.

Jeremiah akapiga simu, sauti imekauka.

"Madam Najat, umetuma nini kortini?"

"Nimejibu."

"Nilikuambia nini mimi?"

"Ulisema nisijibu mashitaka. Mimi nimejibu mpasho."

 Najat akamsikia akimwambia wakili kwa Kichina, na wakili, mtu mpole yule, akasema neno moja fupi ambalo Jeremiah hakulifasiri pia.

Pingamizi likapelekwa hivyohivyo na karatasi zote za Nansha. Likarudi limekataliwa. Mdaiwa amekwisha kujibu hoja, amekubali kusikilizwa Huadu. Kesi haihami.

Basi Najat akapanda basi lilelile la Shiling, kanga begani. Mahakamani Swalha alikuwepo, na Mildred, ubavuni, kama alivyojua. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alisoma majibu ya Najat kwa utaratibu, kisha akauliza kitu, na Jeremiah akainama.

"Anauliza, hii aya ya kigoda inahusiana vipi na mkataba?"

Mildred akaguna kicheko. Najat akatazama meza. Lakini Swalha hakucheka. Akasimama, akasema na hakimu Kichina kirefu, polepole, na Jeremiah akawa anamnong'oneza Najat: "Anasema maneno yote ni yako. Anasema hawezi kudanganya, yeye hajui kutunga. Hata huo wa kikao, anasema aliutafuta wiki nzima, na aliutunga kwa kuiga wewe."

Hakimu akavua miwani. Kama ni hivyo, akasema, wanaweza kupatana leo: maneno yawe ya Najat, umbo la mkoba liwe la Swalha, mkataba ufe, kila mtu ashike njia yake. Swalha akakubali. Wakili Mo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

"Umepata kila kitu," Jeremiah akasema. "Weka sahihi."

Najat akashika kalamu. Kila mtu ashike njia yake. Akaona njia yenyewe: Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, viatu vya watoto, maneno yake yote mfukoni na hakuna mtu wa kumtamkia. Na Mildred kwenye kigoda. Akaiweka kalamu chini.

"Mwambie nataka tarehe nyingine."

"Madam! Ulikuwa hutaki hata kuingia korti hii!"

"Sasa naitaka. Mwambie nataka nifikiri."

Hakimu akawatazama wote wawili kwa zamu, akatoa tarehe.

Ukumbini Swalha alimsubiri, mkoba mkononi.

"Kigoda ni plastiki tu, shoga."

"Plastiki inashika joto," Najat akajibu. "Na kikao hakikuhama. Aliyehama ni mkaaji."

Swalha akabana midomo, mabega yakaanza kumtikisika, na kile kicheko cha kwenye basi kikamtoka, askari wa mlangoni akageuka.

"Huo sijausikia," akasema. "Huo mpya."

"Wa sasa hivi."

"Kwani mnasema nini?" Mildred akauliza, akimtazama huyu na yule. "Si mniambie na mimi?"

 Swalha alikuwa akinyoosha mkono kwenye bega la Najat, panaponing'inia uzi wa kanga. Alipokumbuka, akaurudisha mkono, akafunga zipu ya mkoba wake.

"Tutaonana tarehe hiyo," akasema.

"Usichelewe," Najat akasema, akamwangalia Mildred kwa upole mwingi, kama mtu anayemgawia mgeni halua.