Magogo Mia Moja na Thelathini

Harufu ya mkaratusi mbichi bado inanishtua. Juzi jirani yangu hapa Nyahanga, Kahama, alishusha miti ya kujengea, imekatwa asubuhi ileile, utomvu ungali unachuruzika kwenye maganda. Mimi niliyekuwa nimekaa kwenye cherehani nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja, gauni la mteja mkononi, sijui nimetoka kufanya nini. Jirani akaniuliza kama nimeudhika kwa kuwa gari lake limeziba njia. Nikamwambia hapana. Yeye sikumwambia zaidi ya hapo, ila ninyi nitawaambia.

Utotoni tuliishi Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, na baba yangu alikuwa mtu wa matimba. Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, zisiwaangukie waliomo. Wapo waliojua kupasua mwamba, na wapo walioukamata udongo mkononi wakasema una kitu au hauna. Baba alijua magogo. Aliyapanga kwa mizunguko kutoka mdomoni kwenda chini, magogo manne kila mzunguko, moja kila upande, ncha zake zimechongwa zishikane. Alinukia mkaratusi hata Jumapili kanisani, na mama alikwisha kukata tamaa ya kuitoa harufu ile kwenye shati lake jeupe.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa na kiburi. Nilipenda namba kuliko ubwabwa. Niligawa namba za pikipiki zilizopita, niligawa namba za nyimbo zilizoandikwa ubaoni kanisani, niligawa kuku wa jirani. Namba iliyogawanyika bila baki ilinipa raha, na yenye baki ilinikera kutwa nzima kama kipande cha nyama kilichonasa kwenye jino. "Minza," mama alikuwa akiniambia, "kuku wa watu huwa hawagawanywi, wanaachwa walale."

Baba aliishia darasa la pili. Kila asubuhi, akinywa uji wake barazani, alinitajia idadi ya magogo yaliyokwisha kushuka tangu duara lifunguliwe, nami nikachukua kijiti nikaigawa kwa nne pale chini mchangani. Nikimaliza nilisema, "Inagawanyika, baba." Naye akajibu, "Wabeja, mayu." Wabeja ndiyo asante ya Kisukuma, na mayu ni mama, maana kwetu binti mdogo huitwa hivyo. Kisha alijifunga tochi yake kichwani akaondoka na baba mdogo Masunga, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeishi nasi na kushuka naye duara lilelile. Niliuona ni mchezo wetu sisi wawili, na niliupenda kupita kiasi.

Hapa lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtanielewa. Wachimbaji wa duara lile waliheshimu kitu walichokiita neno la nyumbani. Mtu akizuiwa na watu wake asubuhi, labda mkewe ameota vibaya, au mtoto amemng'ang'ania mguu analia, au bibi ametamka tu kwamba leo hapana, hakushuka siku hiyo na hakuna aliyemuuliza. Sehemu yake ya mawe ilibaki palepale. Na neno likitoka katika nyumba moja, liliwazuia wanaume wote wa nyumba hiyo. Lakini aliyefika mdomoni mwa duara akasema kwa kinywa chake kwamba anaogopa, au kwamba matimba hayatoshi, huyo aliambiwa akalime pamba, na nafasi yake ilipata mtu kabla hajafika kwake. Niliwaona wanaume wawili wakiondoka hivyo, magodoro yamefungwa kwenye baiskeli, na watoto wakiwazomea. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Mwaka huo mvua zilikataa kukoma. Ardhi ililewa maji mpaka ukikanyaga njia ya kwenda kisimani unaisikia ikinyonya viatu. Lori la matimba lilikwama huko njiani, siku ya kwanza, ya pili, wiki ikaisha. Mwenye duara, Mzee Lushinge, hakutaka kusubiri, kwa sababu mwamba wenye dhahabu ulikuwa umeanza kuonekana na kila mtu alikwisha kujua. Baba akawa mtu wa kukaa kimya. Akirudi jioni alikung'uta udongo kwenye nywele, akautazama kiganjani, akautazama tena, ndipo akautupa. Baba mdogo Masunga, ambaye alikuwa akipiga mluzi toka anaamka mpaka analala, hata mama akimtania kwamba ataita nyoka, aliacha kupiga mluzi. Hakuna aliyemwuliza sababu. Mimi niliona ni vizuri, kwa kuwa sasa ningeweza kugawa namba zangu kwa utulivu.

Ijumaa mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Felista, alitufundisha jambo lililonipandisha kichwa. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa tatu, alisema, huna haja ya kugawa. Jumlisha tarakimu zake tu. Jumla ikigawanyika kwa tatu, namba nzima inagawanyika. Nilitembea kurudi nyumbani nikijumlisha kila nilichokiona. Hamu ya kijiti na mchanga iliniishia siku hiyohiyo.

Jumatatu asubuhi anga lilikuwa zito na upepo haukuwepo kabisa. Baba alikaa na kikombe chake cha uji, ila hakunywa.

"Mia moja na thelathini," alisema.

Sikuinama kuandika. Moja na tatu na sifuri ni nne, na nne inaingia kwenye nne mara moja. Kanuni ya tatu niliivalisha nne, bila kumwuliza mtu.

"Inagawanyika, baba."

"Hujaandika."

"Siandiki siku hizi. Kuna kanuni."

 Baba mdogo Masunga alikuwa amesimama mlangoni, anafunga kamba za buti taratibu sana, akizifungua na kuzifunga upya.

"Una hakika, mayu?"

"Nina hakika."

"Hebu ifikirie. Mia moja na thelathini, kwa nne. Hakuna kinachobaki?"

"Hakuna baki, baba!" Niliisema kwa nguvu hadi mama akachungulia kutoka jikoni.

Akainuka, akavaa tochi. Alipofika kwenye ua wa katani aligeuka. "Na Masunga akikuuliza, na Mzee Lushinge akikuuliza, utasema hivyohivyo?"

"Nitasema hivyohivyo," nikajibu, na machozi ya hasira yalikuwa karibu, kwa kuwa niliona ananidharau mbele ya baba mdogo. Hakusema wabeja. Waliondoka wakifuatana, na uji ule nikaunywa mimi.

Kipindi cha pili Mwalimu Felista alifuta ubao, akaandika kichwa kipya: kugawanyika kwa nne. Akasema hapa jumla ya tarakimu haisaidii kitu. Tazama tarakimu mbili za mwisho tu. Zikigawanyika kwa nne, namba nzima inagawanyika.

Nikatazama mbili za mwisho za mia moja na thelathini. Thelathini. Nne mara saba ni ishirini na nane. Zinabaki mbili.

 Magogo mawili yamebaki, maana yake upo mzunguko wenye mawili badala ya manne, na mahali fulani mule chini kuta mbili zimesimama uchi na mvua yote ile. Nilinyanyuka. Mwalimu akaniambia nikae. Nikatoka mbio bila ruhusa, kosa ambalo sikuwahi kulifanya wala sikulifanya tena, nikakimbia njia nzima ya machimboni, tope likinivua kiatu kimoja kisha cha pili. Nilipanga maneno ya kusema. Ningesema nimekosea, pandeni juu, nimekosea hesabu.

Nilijua kabla sijafika, kwa kuwa mashine za kusagia mawe zilikuwa zimezimwa. Mwakitolyo mashine hazizimwi mchana. Watu walikuwa wanakimbia upande mmoja, wanawake wamejishika vichwa. Kwenye duara letu kamba ilikuwa imelala juu ya udongo, na wanaume walikuwa wanafukua kwa mikono kwa kuogopa kutumia majembe. Baba walimpata saa tisa alasiri, nyonga imevunjika, mdomo umejaa udongo, anapumua. Baba mdogo Masunga alikuwa chini yake. Walimtoa siku iliyofuata.

Kwenye msiba watu walisema ni mvua, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na mama nikijua kwamba ni mimi. Sikumwambia yeyote. Tulihamia huku Kahama, baba akajifunza kutengeneza baiskeli akiwa amekaa, na mimi hesabu niliziacha. Mtihani wa darasa la saba niliandika jina nikalala juu ya karatasi. Walimu walidhani ni ugonjwa. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa watoto wawili, na kila walipoleta madaftari ya hesabu niliwapeleka kwa baba yao.

Mwaka jana tulikuwa tunamenya karanga, mimi na baba peke yetu, na sijui ni nini kilichonifungua kinywa. Nikamwambia yote. Kwamba namba ile ilikuwa na baki ya mbili. Kwamba nilitumia kanuni isiyo yake. Kwamba baba mdogo Masunga nilimuua mimi.

Baba aliacha karanga zikamwagika. "Mayu," akasema, "magogo nilipanga mwenyewe, kwa mikono hii. Mawili hayakuwepo, pale nilibandika viroba vya mchanga. Nilijua tangu Jumamosi, na Masunga alijua."

"Sasa uliniuliza nini, baba?"

Alisugua nyonga yake. "Nilitaka useme haigawanyiki," akasema. "Nirudi ndani. Nimtume mtu kwa Lushinge aseme nyumbani wamekataa. Mwenyewe nilishindwa kusema. Niliogopa kuitwa mwoga."

Akalia, mzee yule, na mimi nililia naye, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe au yeye amenisamehe. Asubuhi ile niliona ninapimwa akili, na nilikuwa nimekazana kushinda. Kumbe mwanaume mzima alisimama mbele yangu, na mdogo wake mlangoni akifunga na kufungua kamba za buti, wote wawili wananiomba mimi, mtoto wao, niwakataze kwenda. Waliniomba mara tatu, nami mara tatu nikawapa ruhusa.