Jasho la Derick

Penina Sumari alikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali ya misheni kwenye miteremko ya Meru kwa miaka ishirini na miwili, na muda wote huo hakuwahi kuamini neno la mtu pale ambapo kipimo kilikuwepo. Mgonjwa akisema ana malaria, alijibiwa, "Tutaona." Mwinjilisti mmoja aliwahi kumhakikishia kwamba tumboni mwake hamna minyoo. Naye aliambiwa wataona, na minyoo ikaonekana.

Kwa hiyo mwaka 1993, Daktari Aristides alipokuja na mashine ya kupima jasho, kazi alipewa Penina. Daktari alikuwa Mchaga aliyesoma nje miaka tisa na kurudi na shahada tatu na sweta mbili. Utafiti wake ulihusu vijilango vilivyo kwenye kuta za seli za mwili, vinavyopitisha chumvi. Alieleza kwamba wapo watoto wanaozaliwa na mlango wa aina moja mbovu. Jasho lao huwa na chumvi nyingi, makohozi huwa mazito kama uji uliolala, kifua hakiponi, na chakula hupita bila kushika mwilini. Vitabu vilisema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Daktari alitaka kujua hao waliosema hivyo walimpima Mwafrika gani.

Wiki ya kwanza iliharibika yote. Dawa ya kutoa jasho ilipakwa mkononi na kusukumwa ndani kwa umeme wa betri, halafu karatasi safi ikafungwa pale nusu saa inywe jasho. Lakini Mmeru haendi hospitali hivi hivi. Kina mama walileta watoto wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka nzi anateleza, na karatasi zote zikatoka zimelowa mafuta. Jumapili, wakati wa matangazo, Penina alisimama kanisani akawaomba washarika walete watoto wakiwa wakavu. Watu walitazamana, kwa sababu aliyekuwa akiwafukuza kwa uchafu miaka yote ni yeye.

Wiki ya tatu alikuja kazini na mjukuu wake, Derick, wa miaka mitatu. Nyumbani hapakuwa na wa kumwangalia. Baba wa mtoto, Hans, mwanawe Penina, alikuwa ameiacha kahawa ioze shambani baada ya bei kuanguka, akaenda kuendesha watalii. Mama yake, Sia, hakuwepo, na asiyejua sababu pale kijijini hakuwa wa kijijini. Mtoto aliketi chini ya meza akakohoa. Daktari aliinua kichwa.

"Huyu mmeshampima?"

"Huyu hana haja ya kipimo, Daktari. Alibemendwa," Penina alijibu, kama anayetaja kundi la damu. Maana yake ilikuwa kwamba Sia alitembea na mwanamume mwingine wakati akinyonyesha, maziwa yakaharibika, na mtoto akadhoofika. Penina ndiye aliyelisema hilo mbele ya ukoo mzima, na ndiye aliyemfungia Sia mizigo. Sasa Sia alikuwa kwao mjini, Ngarenaro, akiuza mitumba, huku mtoto amebaki kwa baba yake, maana ndiko kwake.

"Ulipima?" Daktari aliuliza.

Miaka ishirini na miwili Penina ndiye aliyewauliza wengine swali hilo. Alimwinua mtoto akamfunga karatasi.

Kwa mtoto mwenye afya, kipimo cha chumvi ya jasho hakifiki hata arobaini. Kuanzia sitini ni ugonjwa. Derick alitoa mia moja na nane.

"Magadi," Penina alisema upesi. "Asubuhi nilisaga magadi ya makande, kisha nikamshika mkono. Ni mikono yangu hiyo."

"Basi rudia," Daktari alisema.

Kesho yake alinawa mpaka kwenye viwiko. Aliuosha mkono wa mtoto mara tatu kwa maji ya maabara, akavaa glavu, akafunga karatasi na kukaa akiitazama kama anayelinda nyama. Tuseme ukweli: aliomba namba ile ishuke. Ikishuka, mtoto hana ugonjwa wa mlango na Sia anabaki na lawama zake. Isiposhuka, mwenye makosa atakuwa mmoja tu, na alimjua kwa jina.

Mia moja na nne.

"Hii hutoka kwa mama?" aliuliza.

"Nusu. Kasoro moja kwa mama, moja kwa baba. Mzazi mmoja pekee hatoshi."

"Kwa baba pia?"

"Lazima."

"Lazima kabisa?"

"Mama Penina, ukiniuliza mara kumi, baba bado atakuwepo."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayahusiki. Wala tabia ya mtu."

Aliuliza kuhusu dawa. Daktari alisema zipo za kusaidia chakula kishike, za kifua, na namna ya kumgongagonga mgongo ili makohozi yatoke. Ya kuponyesha haikuwepo. Kuhusu miaka atakayoishi, alisema hajui. Penina alimheshimu kwa hilo, kisha akaiandika ile namba daftarini kwa mwandiko wake wa kawaida.

Jumamosi alikata jani la isale kwenye mpaka wa shamba na kushuka nalo mjini. Isale ndilo jani la kuombea msamaha, na Mchaga, kama walivyo kina Sia, akipelekewa hana ruhusa ya kulikataa. Penina alilijua hilo vizuri, na lilimwongezea aibu, kwa sababu alikuwa anakwenda kuomba kitu ambacho hangenyimwa. Romanus, baba yake Sia, alimfungulia, akaona jani, akamwita binti yake.

"Shikamoo, mama," Sia alisema.

"Marahaba, Mama Derick." Penina hakukaa. "Nimempima mtoto. Mara mbili. Ni ugonjwa wa kuzaliwa, nusu umetoka kwako, nusu kwetu. Maziwa yako hayakuwa na kosa, wala wewe. Nilikusingizia. Naomba unisamehe, na yale niliyoyasema mbele ya ukoo nitayafuta mbele ya ukoo huo huo."

Sia alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaliweka mezani. Romanus akaanza kurekebisha kitambaa cha kochi kisichokuwa na tatizo.

"Ana kilo ngapi sasa?" Sia aliuliza.

Penina alijua, kwa kuwa hakuna kitu nyumbani kwake kilichokuwa hakijapimwa uzito. "Kumi na robo."

"Nilimwacha na kumi na moja na nusu," Sia alisema. "Miezi saba amekula kwako, mama, na maziwa yangu hayakuwepo."

Penina akakaa.