Pilau Chini ya Paa la Asbesto

Siku tulipoezua nyumba yetu ya Temeke nilimpiga kaka yangu kwa mwiko wa pilau, mbele ya mama, majirani na bwana afya wa kata. Mwiko ulivunjika. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo kuna watu mtaani wanaosimulia kwamba nilimvamia bila sababu, na uongo huo unanikera kuliko kipigo chenyewe.

Paa lilikuwa la asbesto. Baba aliliezeka kwa mikono yake, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote: kukata yale mabati ya kijivu kwa msumeno, kifua wazi, vumbi likimpaka mpaka kwenye kope. Ndoa ilikuwa imenishinda nikarudi nyumbani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemuuguza tangu alipoanza kukohoa hadi alipokata roho. Daktari alitueleza wazi kwamba ni lile vumbi, limekaa kwenye mapafu na halitoki. Baba alikuwa akivuta pumzi fupi, akiishikia katikati, uso ukimkunjamana. Kaka wakati huo alikuwa Mbeya kwenye biashara zake, akaja kuzika tu. Yeye alishikilia kwamba baba aliuawa na sigara, na ukimbishia anakutolea macho.

Sasa kaka alitaka kuoa, na alitaka wakwe wakija wakute bati za msauzi, zile za kisasa za rangi, nyekundu. Tukaenda naye ofisi ya kata kuulizia. Bwana afya akatuambia kwamba anayeondoa asbesto kwa malipo lazima awe na leseni, ila mwenye nyumba akisaidiwa na ndugu na marafiki bila kulipana, huyo amesamehewa leseni. Akaongeza mengine: mabati yalowanishwe maji kwanza, yang'olewe mazima, watu wafunike pua, na nyumbani asibaki mtu asiyehusika na kazi hiyo. Kaka alisikia neno moja tu, kusamehewa. Njia nzima ya kurudi alilirudiarudia kama mtu aliyeshinda kesi.

Basi akaitisha msaragambo. Wenzake wa kijiweni wakaja na nyundo na mitaimbo, spika ikapiga singeli, na kwa kuwa hakuna malipo ikabidi kuwe na chakula. Sufuria kubwa la pilau likatelekwa uani, karibu na ukuta, chini ya paa lenyewe, maana ndipo yalipo mafiga yetu. Nilijaza ndoo za maji nikazipanga ukutani. Kaka akasema maji yatawatelezesha watu waanguke. Akapanda wa kwanza, kifua wazi kama baba, akashusha nyundo.

Hawakung'oa kitu. Walivunja. Bati linapigwa, linapasuka kwa mlio unaokuingia kwenye meno, linarushwa chini linasagika, na vumbi linapanda kuwafuata wenyewe juu. Mama alikuwa kibarazani, amegoma kuondoka kwake, kajifunika pua kwa ncha ya khanga. Niliwapigia kelele wanyweshe mabati maji, wakanicheka. Nikaenda kutazama sufuria, lilikuwa wazi. Juu ya wali kulikuwa na unga wa kijivu umetanda, na jirani yangu akaja na mwiko akauchanganya humohumo, akisema moto unaua kila kitu.

Hasira zikanipanda. Nikampokonya mwiko, nikaweka mguu kwenye ukingo wa sufuria, nikalisukuma. Pilau lote likamwagika chini. Mtu akazima muziki.

Kaka alishuka kwenye ngazi kama anayeanguka. Kofi la kwanza lilinitia giza, na ngumi iliyofuata ikanipasua mdomo. "Umeachika kwa mumeo, unataka ututawale sie huku?" Hapo ndipo nilipompiga kwa mwiko, kichwani, na ulipovunjika nikaendelea na kipande kilichobaki. Akanishika nywele akaniburuza kwenye wali wa moto. Magoti yaliungua, na alama ninazo. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Nilikuwa nampenda kaka yangu, na nilitaka aumie.

Waliotutenganisha ni wale wenzake, wala si kwa huruma. Walikuwa na njaa. Mmoja wao akamwambia, "Braza, msosi ndo hivyo tena. Tupoze basi kwa hela." Kaka akatia mkono mfukoni. Bwana afya, aliyekuja kukagua akaishia kuketi akisubiri sahani yake, akasimama.

"Hela ikitoka hapa, hii siyo tena kazi ya ndugu," akasema. "Ni kibarua, na nitataka kuona leseni. Kazi isimame." Akawasha pikipiki yake akaenda zake.

Kaka akautoa mkono mtupu. Aliogopa faini kuliko alivyowaogopa marafiki zake, na hapo alikosea. Walianza kwa kumsukumasukuma, kisha mpini wa nyundo ukampata shingoni, na alipoanguka wakamkanyaga mbavu kwa viatu vya kazi. Mimi, ambaye mdomo ulikuwa unavuja damu kwa ngumi yake, nilijitupa juu yake nikamkumbatia. Wakanipiga na mimi. Mama ndiye aliyekomesha. Alichomoa kijinga cha moto kwenye mafiga akawaendea, wa mbele akaungua bega, wakatimka wote.

Tulimwegemeza kaka ukutani. Juu yetu nusu ya paa haikuwepo. Alijaribu kuvuta pumzi, ikaingia fupi, akaishikia katikati, uso ukamkunjamana. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Sauti ile nilikuwa naijua. Mama alikuwa amesimama na kijinga chake mkononi, anasikiliza.

"Baba yako alipumua hivyohivyo," akamwambia. "Mpaka akafa."

Kaka hakubisha. Machozi yakamtoka, yakachora njia kwenye vumbi la mashavuni. Akatazama vipande vilivyojaa uani, akatazama ndoo zangu ambazo hakuna aliyezigusa.

"Mwagia maji," akaniambia.

Nikachukua ndoo, nikaanza na kichwa chake.