Mkanda wa Madoa na Suruali ya Maua

Mimi ndiye mwanamume wa kwanza kuvaa suruali ya maua kule kwetu Hombolo, na asiyeamini shauri yake. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya reli ya Wajerumani, miezi mingi ya kubeba kokoto na mataruma. Reli ilipofika Dodoma nikachukua ujira wangu, nikaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani wa Kihindi pale stesheni. Nikachagua kitambaa chekundu chenye maua ya kahawia na meupe. Fundi akaniuliza kama ni zawadi ya mke wangu. Nikamwambia ni cha suruali. Alicheka mpaka machozi, lakini alishona.

Alishona pana mno, eti nitanenepa. Kiunoni tungeweza kuingia watu wawili na nafasi ikabaki. Bila mkanda suruali ile haikuvalika.

Na haraka nilikuwa nayo, maana baada ya siku tatu nilitakiwa kwenda kujionyesha kwa baba wa binti niliyemtaka, mzee mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Akinikubali, ninaoa. Akinikataa, yupo mwenzangu mwenye mifugo kunishinda anayesubiri zamu yake. Nilimpenda yule binti hadi usingizi ulinikimbia, sioni aibu kusema.

Basi nikaanza kutafuta mkanda. Rafiki yangu askari akaniazima wake wa zamani, wenye bizimu ya shaba. Loo, ulivyong'aa! Nikatembea nao uani huku na huku, mama akaniuliza kama nimeichoka ngozi ya makalio yangu. Siku zile raia akikutwa na kitu cha serikali alikula hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, pale bomani. Nikauvua upesi. Dada yangu akaniletea shanga zake za kiunoni. Nilizijaribu, sikatai, na ziliendana na maua yale kuliko kitu chochote, ila nilipogeuka nikamkuta dada kajitupa chini kwa kicheko. Nikajua ananichezea.

Kesho yake nikapanda juu ya tembe letu, kwenye paa bapa la udongo, nikakuta ngozi ya ng'ombe imekunjwa. Nyeupe, madoa ya kahawia, na doa moja kama jani la mboga. Rangi zile zile za maua yangu! Nilicheza ngoma peke yangu kule juu. Baba alikuwa malishoni, nami sikuona sababu ya kumsubiri. Nikakata ukanda mrefu, nikaulainisha kwa samli, nikatoboa matundu. Nilipouvaa nilijiona mkubwa kuliko bwana mkubwa wa boma.

Siku ikafika, nikaenda kwa mzee nikitembea katikati ya njia ili nionekane vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Binti alikuwa amesimama mlangoni, anajifanya anapepeta uwele. Nilingoja mzee aisifu suruali, kumbe hakuiona hata kidogo. Macho yake yalikuwa kiunoni kwangu.

"Huyu ni ng'ombe wangu," alisema. "Nilimweka kwa baba yako."

Nikajua nimepatikana. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa jamaa, wawatunze na kunywa maziwa. Ng'ombe wa namna hiyo akifa, aliyemtunza humpelekea mwenyewe ngozi nzima, ajue kwamba kweli kafa na hakuuzwa. Na siku zile wengi waliuzwa kwa siri kule stesheni, kwa sababu watu wa reli walitaka nyama. Yule alikufa nikiwa kazini, na baba alikuwa akijiandaa kuipeleka ngozi. Mimi hakuna aliyeniambia. Na mzee ng'ombe wake aliwajua kwa manyoya kama anavyowajua wanawe kwa sura.

"Nipe," mzee alisema.

Hapo ndipo nilipotamani kulia na kucheka kwa pamoja. Mzee hupewa kitu kwa mikono miwili, mkono mmoja ni dharau. Na mikono yangu miwili ikitoka kiunoni, suruali nayo inatoka. Nilifungua mkanda, nikabana viwiko, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili. Suruali ikaenda zake. Bahati shati langu la reli lilikuwa refu. Kule mlangoni ungo ulianguka na uwele ukamwagika wote.

Nikiwa vile vile magotini nilimweleza mzee kila kitu, juu ya tembe, kisu, hata maua. Nikamwambia ngozi iliyobaki ipo nyumbani, aje aiunganishe mwenyewe na kipande kile. Alipitisha kidole juu ya lile doa la jani, polepole.

"Mtu aliyemuuza ng'ombe wangu asingemvaa kuja kwangu," alisema mwishowe. Hakucheka, ila mabega yalimtikisika.

Binti alipita katikati ya uwele uliomwagika, akanijia na kamba yake ya kufungia kuni. Aliiweka mbele yangu, baba yake akiona, akarudi mlangoni. Nikavuta suruali juu, nikajifunga ile kamba mara mbili. Mzee alimtazama binti, akanitazama mimi, kisha akaanza kunitajia ng'ombe anaowataka kwa mahari.