Yaya wa Ngome ya Bremenil

Hersent alichukuliwa kupelekwa ngomeni akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hakuchukuliwa kwa uzuri wala kwa kosa. Alichukuliwa kwa maziwa. Bibi Hawise, mke wa bwana wa Bremenil, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, homa ikamkausha kifua. Msimamizi wa bwana akapita mlango hadi mlango akiuliza ni mwanamke gani ananyonyesha, na majirani wakaonyesha kwa kidevu. Hersent alikuwa na binti mchanga, Emeline.

"Na huyu wangu?" aliuliza.

"Huyo ana bibi yake," alisema msimamizi. "Na mbuzi mnaye. Haya, vaa viatu."

Mumewe Anquetil, mchoma makaa, alisimama kando ya mlango, mikono yake myeusi ikining'inia. Aliyembishia msimamizi wa Bremenil alimbishia mara moja tu.

Siku zile nyota ya nyumba ile ilikuwa juu. Wazee walisimulia kwamba bwana wa kwanza, Turold, alifika na farasi mmoja anayechechemea, akawaamuru watu wachimbe handaki na kurundika udongo, kisha juu yake akasimamisha mnara wa magogo. Mwanawe alivuka bahari na jeshi lililokwenda kuiteka Uingereza, akarudi na mashamba huko makubwa kuliko ya huku. Waliomcheka Turold waliwainamia wajukuu zake. Bwana wa sasa ndiye aliyeng'oa magogo akajenga kwa mawe, na katika ujenzi huo kamba ilikatika, jiwe likamwangukia baba yake Hersent. Jiwe lilipanguswa, likapandishwa tena, likajengewa mahali pake.

Ndani ya mnara huo Hersent alimweka kifuani mtoto wa watu. Aliitwa Osbern, alikuwa mwekundu, mwenye hasira, na alinyonya kama anayegombana. Wiki za kwanza Hersent alimtazama kwa chuki. Halafu usingizi, joto la moto na uzito wa kile kichwa kidogo mkononi vikafanya kazi yao, akajikuta anamwimbia. Kabla ya Kwaresima kuisha Anquetil alikuja hadi darajani, akaomba aitiwe mkewe.

"Emeline tumemzika jana," alimwambia. "Maziwa ya mbuzi yalimkataa."

Hersent alitaka kulia, lakini juu dirishani Osbern alianza kupiga kelele za njaa, na maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha nguo mbele ya mumewe. Anquetil aliliona lile doa, akatema mate chini, akaondoka. Hawakulala tena kitanda kimoja. Miaka michache baadaye ugonjwa wa kifua ulimuua, na Hersent alipata habari baada ya maziko.

Akazaliwa Fulk, mdogo wake Osbern, naye akapewa Hersent amlee. Fulk alikuwa mkimya, mtoto wa kujificha nyuma ya sketi. Osbern alimnyang'anya kila kitu: farasi wa mti, mbwa, hata mahali pa kukaa karibu na moto. Walipokua, desturi ikamaliza kile utoto ulichoanza. Baba alipokufa, Osbern alirithi ngome, mashamba ya huku na ya ng'ambo. Fulk alirithi farasi na tandiko.

"Kula, mdogo wangu," Osbern alimwambia mezani mbele ya wageni. "Ukishiba ushukuru. Ukitaka kingine, oa mjane tajiri, wapo wasio na meno."

Wageni wakacheka. Fulk akaweka kisu chini. Asubuhi alimbusu Hersent kwenye paji la uso, akaenda kumtumikia mfalme wa Ufaransa.

Mfalme huyohuyo ndiye aliyeingia na majeshi yake Normandia, nchi ya Bremenil, iliyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza. Ngome moja baada ya nyingine ilifungua malango, mabwana wakampigia magoti na kumwapia utii upya. Osbern hakuapa. Utajiri wake mkubwa ulikuwa ng'ambo, kwa mfalme wa Uingereza; akipiga goti huku, kule ananyang'anywa. Akafunga lango. Wanakijiji wote, waliokuwa wamekimbilia ndani na mbuzi na magunia yao, wakafungiwa pamoja naye.

Vuli ilipita, baridi ikaingia. Mitambo ya kurushia mawe ilipiga ukuta mchana kutwa. Mbuzi waliliwa, kisha farasi. Ndipo Osbern alipoamuru kwamba asiyeweza kushika silaha atoke. Hersent, ambaye nywele zake sasa zilikuwa nyeupe, alimkuta ukumbini akinoa upanga ambao haukuhitaji kunolewa.

"Wewe hutoki, yaya," alisema kabla hajaulizwa. "Nani atakugusa wewe?"

"Dada yangu Aubrée yumo kwenye kundi. Na mjukuu wake."

"Aubrée hajui kuvuta upinde."

"Mimi najua?"

"Wewe ni wangu."

"Osbern, mwanangu. Nilizika wa kwangu ili wewe unenepe. Sijawahi kukudai. Leo nakuomba mkate wa watu wawili."

Osbern alirudia kunoa. "Nikiwapa hao, wote wataomba. Nenda ukakae jikoni, mama. Kuna joto."

Hersent alichukua shali yake, akaungana na waliokuwa wanasukumwa langoni. Hakuna ushujaa aliouona moyoni mwake. Aliona tu kwamba akibaki jikoni atamchukia yule mtu, na baada ya hapo, Fulk akiwa mbali, hatakuwa na mtoto yeyote wa kumpenda.

Walidhani Wafaransa watawaacha wapite. Wafaransa waliwarudisha kwa mishale.

"Rudini kwa bwana wenu, awapikie!" alipaza sauti askari mmoja.

"Ametufukuza!" Aubrée alimjibu kwa sauti yake ya sokoni. "Hata wewe mama yako angekufukuza, kwa sura hiyo!"

Kuna waliocheka pande zote mbili. Ilikuwa mara ya mwisho watu kucheka pale. Nyuma yao lango limefungwa, mbele yao mishale. Wakabaki kwenye mteremko kati ya ukuta na jeshi, theluji ikianguka. Walikula majani, magome ya miti, ngozi za viatu. Walichofanya wengine na miili ya waliotangulia kufa, Hersent hakupata kukisimulia hata kwa padri. Aubrée alikufa amekaa, mgongo wake ukimkinga mjukuu wake, Denise, na upepo. Hersent akamvua dada yake nguo ili amfunike mtoto.

Siku moja mpanda farasi alisogea kutoka kambini, akawa anatazama nyuso moja moja.

"Yaya?" Ilikuwa sauti ya Fulk, imekuwa nzito. "Yaya Hersent, ni wewe?"

"Ni mimi, au ni kilichobaki."

Alishuka, akapiga magoti kwenye matope ya theluji. Alikuwa analia. "Nimemwomba jemadari tangu jana, niliposikia. Ameniruhusu kumtoa mtu mmoja tu. Njoo, panda."

Hersent alimsogeza Denise mbele. "Mchukue huyu."

"Yaya, nimekuja kwa ajili yako!"

"Nimekusikia. Mchukue huyu, na usimpe nyama kwanza, mpe mchuzi."

Fulk alimtia mtoto ndani ya joho lake, akaondoka bila kugeuka. Harufu ya mteremko ndiyo iliyowaokoa waliosalia: upepo uligeukia kambini, jemadari akaamuru waachwe wapite kabla maradhi hayajaingia jeshini. Waliopita walikuwa wachache, na kati yao kadhaa walikufa kwa kipande cha kwanza cha mkate.

Ngome haikuanguka kwa ushujaa wa mtu. Osbern alitoroka kwa mtumbwi kupitia mtoni na wenzake wachache, akawaacha walinzi wake bila kuwaaga. Walinzi wakafungua lango, wakanyongwa. Fulk akapewa Bremenil, lakini mfalme akaamuru mnara na ukuta vibomolewe ili asijifungie mtu tena. Akabaki bwana wa ukumbi usio na ukuta. Wafaransa walimwita Mnormani. Wanormani walimwita muuza ndugu. Hakuna baba aliyempa binti.

Hersent alikaa kijijini na Denise, wakisokota kitani. Miaka ilipita. Fulk alikuja siku moja, akasimama mlangoni akinuka pombe ya matufaha.

"Osbern amekufa," alisema. "Wale wa ng'ambo nao walimnyang'anya kila kitu. Walisema mtu ambaye ndugu yake yuko upande wa Ufaransa haaminiki. Amefia kwenye nyumba ya wageni ya watawa."

"Nani alikuwa naye?"

"Hakuna."

Hersent aliacha kusokota, akafunika uso kwa aproni. Denise, aliyekuwa msichana mkubwa sasa, aliinuka kwa hasira. "Unamlilia yule, bibi? Yule?"

"Nyamaza, mwanangu. Hukumjua akiwa mdogo."

Fulk alingoja. "Rudi ukae nami, yaya. Nyumba ile ni baridi."

"Hapana, Fulk. Nitakuja kukufulia. Kukaa, sikai."

Fulk alifariki msimu wa mavuno ya matufaha, bila mke, bila mtoto, wa mwisho wa jina lake. Padri alipiga kengele. Wanaume wa Bremenil walikusanyika uani, wakalitazama jeneza, wakakunja mikono. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyelala kwenye ule mteremko.

"Nani atabeba?" aliuliza padri. Akauliza tena.

Hersent alitoka mlangoni, mikono yake ikiwa bado na maji ya kuoshea maiti. Hakumtazama mwanamume yeyote. Aliinama upande wa kichwani, akashika. Denise alisimama kwa muda, taya amezikaza, kisha akaja kushika upande wa pili. Wanawake wengine wawili wakafuata, si kwa ajili ya Fulk. Jeneza lilikuwa zito na njia ilikuwa na tope; waliliweka chini mara kwa mara ili kikongwe avute pumzi, halafu wakaliinua tena, wakaenda nalo hadi kaburini.