Buloni Nne za Karavani

Nianze na aibu yenyewe, juu hata nikiificha, libongo yote ya Kisangani, pale mitumbwi inafikia, iliiona: kichwa yangu ilikuwa kwenye mapaja ya Mama Bolaya, mama wa muchumba wangu, mutu ambaye kwa desturi hata kumuangalia kwenye macho sikuwa na ruhusa, na miguu yangu ilikuwa hewani na kiatu moja tu, mulango ya karavani imefunguka wazi, na nje wamama wa soko, wabeba mizigo, wavuvi, hata askari, wote wanatuangalia kama sinema ya bure. "Bokilo anazaa!" mutu mumoja alipiga kelele, bokilo ni kusema mukwe. Mwingine akajibu: "Na ile mutoto iko na ndevu tayari!" (Ile ndevu niliinyoa kesho yake, haijarudi mpaka leo.)

Bon. Turudi nyuma.

Mimi ni fundi wa vyuma. Masomo yangu ni kidogo, nilitoka Maniema na darasa ya nne tu, lakini kazi nilijifunza kwenye atelier ya reli kule Lubunga, na pale kulikuwa sheria moja: mwenye kukaza kiungo ya behewa anaangalia tena ekru, zile nati, moja moja asubuhi, halafu anapanda yeye wa kwanza. Hivyo mutu anakaza na roho yote. Wakati serikali ilikamata mali ya wageni na kuigawa kwa wana-inchi, garaji ya muzungu mumoja ikaanguka kwa Citoyen Lifenya, mutu ambaye hakuweza kutofautisha tournevis, ile bisibisi, na kijiko, na ndani ya garaji kulikuwa karavani, nyumba ndogo ya aluminiumu na magurudumu mbili, na kitanda, na pazia, ile muzungu alikuwa anavuta nyuma ya gari akienda kulala porini. Akaniita niiponye.

Ugonjwa yake ilikuwa moja. Kule mbele, pale kichwa ya chuma ya kuvutia inashikana na shasi, aluminiumu ilipasuka kuzunguka matundu ya buloni, zile bolti za kukazia, na fundi fulani mbele yangu alipiga soudure juu, akaichomelea, moto ikailainisha zaidi. Citoyen akasema: "Piga tena soudure, iishe." Nikakataa. Nikamueleza kama aluminiumu haipendi moto, inapenda kukumbatiwa. Nikakata bamba mbili za chuma, moja juu, moja chini, ndefu kupita ufa. Katikati nikaweka mupira ya chambre à air, ile ya ndani ya gurudumu, kwa sababu chuma na aluminiumu zikigusana kwenye unyevu zinakulana. Ndani ya shasi, kwa sababu iko wazi kama bomba, nikaingiza vibomba vidogo vya chuma ili nikikaza isibonyee. Halafu nikapitisha buloni nne ndefu za reli, wenzangu wa Lubunga walinipa. Nikaomba pia munyororo ya usalama.

"Munyororo?" Citoyen akasema. "Wakubwa wa chama watalala humu ndani, fundi. Wakubwa hawafungwi kama mbuzi."

Sasa Lobela, ule muchumba wangu. Lobela alikuwa mushonaji kwenye mutaa ya Kabondo, mutoto wa watu wa muto kutoka Yanonge, na yeye alishanikubali, lakini baba yake alikufa zamani na neno ilikuwa ya mama yake, na mama yake hakuwa amenipima bado. Ile siku ya posho, Jumamosi, alikuwa anakuja na mutumbwi ya motere kuniangalia. Akisema ndiyo, tunaoana. Akisema hapana, imekwisha.

Na alikuwa na muguu moja ya kuvimba, na kutoka libongo mpaka barabara ni kilima. Ndiyo pale nikajiona niko na akili: nikaomba Citoyen tujaribu karavani siku ile ile. Akacheka mpaka tumbo ikatetemeka. "Alors, unataka kubeba bokilo kama ministre! Bon, nami nitakuja niangalie."

Ijumaa mchana nilikaza ya mwisho, nikaenda kuchukua abacost yangu, ile suti ya bila tai, kwa Lobela. Aliishona yeye mwenyewe, rangi ya majivu, mistari ya sindano huwezi kuiona. "Ukiichafua mbele mama hajaiona," akaniambia, "tutagombana mimi na weye kwanza."

Kesho yake nilifika garaji asubuhi ndani ya hiyo abacost. Pale kwenye kiungo nikakuta rangi mupya, ya fedha, inanuka bado. Nikasema, ah, Citoyen anapamba kitu yake. Kwa sheria ya reli nilipaswa kupiga magoti, niingize mukono chini, niguse ekru. Chini kulikuwa matope na mafuta. Nikaangalia matope. Nikaangalia abacost.

"Fundi, hauangalii chini?" Sumaili akaniuliza, yule dereva wa Citoyen, ndugu yangu wa Maniema kabisa.

"Sumaili, mimi siyo mutoto wa jana kwenye kazi. Washa jipu twende."

Akawasha. 

Pale libongo Mama Bolaya alishuka na fimbo na kitunga ya samaki ya moshi, mwanamuke munene, liputa ya kijani, ile kitenge, kiunoni. Hakuangalia pazia, hakuangalia kitanda. Aligonga kiungo na fimbo. "Hii imefungwa na nani?"

"Na mimi, mama," nikajibu, macho chini, "na nitapanda nayo mimi mwenyewe."

"Ni vizuri. Kwetu mwanaume akija kuomba binti, tunaangalia kwanza namna anafunga mutumbwi."

Moyo yangu ikavimba kupita ile muguu. Lobela na Citoyen wakaingia kwenye jipu na Sumaili. Mama akakaa nyuma kwenye kitanda ya karavani. Mimi nikakaa mbele kabisa, mugongo kwake, uso kwenye ukuta kama mutoto wa masomo aliyepigwa azabu, juu ya heshima. Tukapanda kilima. Katikati nikasikia sauti ndogo, kra, halafu pua ya karavani ikaenda juu, makalio yake ikaanguka chini, tukaanza kurudi kwenye muto, nami nikateleza kinyumenyume kutoka mwanzo ya nyumba mpaka mwisho yake, na mwisho yake munaijua. Matope ikatusimamisha. Maji ikaingia, samaki ya moshi ikaanza kuogelea tena.

Lobela alikuja mbio. Aliangalia, akaweka mukono kwenye kinywa, na akacheka. Simulaumu, hata mimi ningecheka. Halafu akaanza kulia.

"Ni fundi alikaza!" Citoyen alikuwa anapiga kelele kule juu. "Mumuulize yeye!"

Nikasimama na kiatu moja na nikaona: kwenye matundu ya kiungo, buloni mbili fupi, zilishika bamba ya chini tu. Siyo zangu! Lakini nikisema siyo zangu, wataniuliza kama niliangalia.

Mama Bolaya walimutoa mule ndani watu wanne. Alifunga liputa yake vizuri, hakukasirika. "Mapaja yangu ilibeba watoto tisa," akasema, "kichwa yako haitaivunja. Aibu ya leo, kuku mweupe wa desturi ataisafisha." Halafu akanisogelea. "Ulikaza weye?"

"Ndiyo, mama."

"Uliangalia tena mbele sijapanda?"

Nikaangalia abacost yangu, matope mpaka kwenye kola.

"Basi binti yangu sitamupandisha kwako."

Siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi walirudi Yanonge, yeye na Lobela. Ile siku ile ile, nikiwa chini ya camion ya Citoyen, ile lori yake, nilikuta buloni zangu nne zimeshika resori, springi yake, na alama zangu tatu za lima, ile tupa ya chuma, kwenye kila kichwa. Sumaili akaniambia: "Patron aliamuru Ijumaa, pale ulitoka, tuzitoe na tufiche na rangi. Camion ilikuwa inaenda Opala kuchukua mupunga. Si nilikuuliza kama hauangalii?" Nikaenda kwa Citoyen. "Buloni iko ya garaji," akasema, "na garaji iko yangu. Ongea tena, utaenda kueleza kwa watu wa chama kwa nini uliharibu karavani ya wakubwa." Nikafunga kinywa. Nilifunga miaka mingi.

Lobela aliolewa Isangi, iko na watoto watano. Mimi tangu ile siku sivai nguo safi kwenye kazi, hata siku ya sikukuu, na magoti yangu ni nyeusi kama ya ngamia.

Mwaka hii nilienda Yanonge. Mama Bolaya macho yake imekwisha, lakini masikio iko. Nilimuambia sehemu yangu yote: abacost, matope, ile magoti sikupiga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Kitu ya kukazwa haijifungui yenyewe. Na ule alifungua, yeye iko wapi?"

Citoyen Lifenya, nilikuona juzi sokoni, uko muzima, unanenepa. Mutumbwi ya Yanonge unaijua pale inafungwa. Panda, na Sumaili akusindikize, umuambie na kinywa yako kwamba ni weye uliamuru buloni zifunguliwe. Yule mama iko anangojea, na hana siku nyingi.