Fungu la Ndege wa Asali

Juzi, kwenye mikorosho yangu huku Ruponda, ndege wa asali, yule anayeongoza watu kwenye nyuki ili apewe fungu lake la sega, aliniita, nikamkumbuka mjomba.

Nikiwa msichana mdogo nilimfuata mjomba porini, naye akimfuata ndege huyo huku akimjibu kwa mluzi. Tukatokea kwenye uwanda mtupu unaonuka moshi na mafuta. Matrekta ya wakoloni waliokuja kulima shamba kubwa la karanga yalikuwa yameng'oa msitu wote. Ndege akatua juu ya mti ulioungua, akazidi kulia. Nyuki hawakuwapo.

"Ametudanganya," nikasema.

Mjomba akatoa mfukoni kipande cha sega la jana, akamwekea kwenye gogo.

"Hajadanganya, mama. Hakuambiwa msitu unang'olewa, kama sisi tu."

Niliona anapoteza asali bure.

Juzi, kabla sijamfuata ndege, nilirudi kwanza nyumbani kuchukua sega.